Wenye Macho Wanapoitamani Kazi ya Kipofu



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.), Aliyewagawia waja Wake neema kwa vipimo mbalimbali ili awajaribu hawa kwa wale. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, vijana wetu walioko vyuo vikuu wakirudi likizo hurudi na maneno mapya. Soko huria. Uhuru wa kazi. Leseni ni dhulma. Serikali imwache kila mtu afanye kazi aitakayo, na mteja ndiye atakayechagua. Mmoja wao, niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa mdogo, alinijia na mfano wa Korea Kusini. Huko sheria inasema kazi ya kukanda watu mwili, hii inayoitwa masaji, ni ya vipofu peke yao. Mwenye macho akiifanya kwa malipo anashitakiwa. Kijana akaniuliza: "Ustadh, hii si dhulma? Mtu mzima wa mikono na macho anakatazwa riziki ya halali, kosa lake ni nini? Kosa lake ni kuona?"

Swali ni zuri na linastahili jibu, kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa kuliko masaji. Ni swali la mnyonge na mwenye nguvu wanapokutana kwenye mlango mmoja wa riziki. Nimeona niliandike jibu langu hapa ili familia zetu zilisome pamoja, maana hoja hizi zinaingia majumbani mwetu na wengi tunazipokea kwa kuwa zimevaa nguo ya haki.

HABARI YENYEWE

Kwanza tujue kilichotokea, tusije tukahukumu kwa uvumi.

Desturi ya wasioona kufanya kazi ya kukanda ni ya zamani sana Mashariki ya mbali. Japani alikuwako Sugiyama Waichi, aliyeishi kati ya mwaka 1610 na 1694, kipofu aliyebobea katika tiba ya sindano na aliyeanzisha mafunzo ya kazi hiyo na ya ukandaji kwa vipofu wenzake. Wajapani walipoitawala Korea mwanzoni mwa karne ya 20 waliipeleka desturi hiyo huko. Baada ya mwaka 1945 utawala wa kijeshi wa Marekani uliiondoa, na mwaka 1963 Wakorea wenyewe wakairudisha. Tangu hapo asiyeona wa Korea Kusini amekuwa na njia inayojulikana: anasoma kazi hiyo katika shule maalumu ya sekondari au katika chuo cha mafunzo kwa miaka miwili, anapata kibali, anajitegemea, anaoa na kulea watoto.

Lakini biashara ya masaji ilipokua na kuwa na fedha, wenye macho nao wakaitamani. Wakaingia kwa maelfu, bila kibali, na hatimaye wakaenda mahakamani kudai kwamba wananyimwa uhuru wa kuchagua kazi. Tarehe 25 Mei 2006 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikawakubalia, majaji saba kwa mmoja. Kanuni ya wizara iliyowatengea vipofu kazi hiyo ikaambiwa inakwenda kinyume na katiba.

Basi vipofu wakatoka. Wakaingia barabarani mjini Seoul na fimbo zao nyeupe. Wengine wakapanda daraja la Mapo na kujirusha katika mto Han, waokoaji wakiwatoa majini mmoja mmoja. Wengine wakashuka kwenye njia za treni. Mmoja alifariki baada ya kujirusha kutoka katika jengo alimokuwa akiishi. Sisi Waislamu tunajua kwamba kujiua ni haramu, wala hatumsifu mtu kwa hilo. Lakini mwenye akili ajiulize: mtu amenyang'anywa kitu gani hata aone mto ni afadhali?

Mwaka huohuo wa 2006 Bunge likaiandika haki ile ndani ya sheria kamili, si kanuni ya wizara tena. Wenye macho wakarudi mahakamani. Tarehe 30 Oktoba 2008 mahakama ileile, majaji sita kwa watatu, ikasema sheria ni halali, kwa kuwa wasioona hawana njia nyingine nyingi za kuishi na jamii ina wajibu wa kuwalinda. Hukumu hiyo imethibitishwa tena zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata.

Ajabu ya mambo, siku moja tu baadaye, tarehe 31 Oktoba 2008, mahakama ya katiba ya Taiwan, nchi iliyokuwa na sheria kama hiyo, ikatoa hukumu ya kinyume. Ikasema sheria inavunja usawa, ikaipa miaka mitatu tu ya uhai. Ilipofika mwaka 2011 mlango ukawa wazi kwa kila mtu.

Majirani wawili, siku mbili zinazofuatana, hukumu mbili. Sasa tuzitazame hoja.

HOJA YA KWANZA: KILA MTU ANA UHURU WA KUFANYA KAZI

Kweli. Wala Uislamu haukungoja vitabu vya uchumi kulijua hilo. Asili ya biashara katika dini yetu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuzuia. Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei za vitu sokoni Madina alikataa, akachelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba dini inapenda kufungafunga milango.

Lakini Mtume huyohuyo alikataza mtu kuficha chakula ili kipande bei. Huyo mfichaji naye angeweza kusema: mali ni yangu, ghala ni langu, nina uhuru. Hakusikilizwa. Uhuru wa sokoni una mpaka, na mpaka wake ni pale unapomkaba mwingine shingo.

Na wako ndugu zetu wanaodhani kumtengea mnyonge sehemu yake ni fikra ya watu wa siku hizi. Nawaomba wasome habari ya hima. Hima ni eneo la malisho linalozuiwa lisichungwe na kila mtu. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa khalifa alikuwa na eneo la namna hiyo, akamweka juu yake mtumishi wake aliyeitwa Hunayy. Imam Bukhari ameipokea habari ya maagizo aliyompa. Umar alimwagiza amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan.

Simameni hapa kidogo, ndugu zangu. Hawa waliozuiwa ni nani? Ni Masahaba wawili wakubwa, wote wamebashiriwa Pepo. Hawakuwa na kosa lolote. Kosa lao, kwa lugha ya kijana wangu, lilikuwa kuwa na mali! Na Umar alitoa sababu: hao wawili wanyama wao wakifa wanayo mitende na mashamba ya kurejea, ama yule mwenye wachache, wake wakifa atakuja na watoto wake akimlilia kiongozi. Akaongeza jambo ambalo wachumi wetu wangelifaa walitundike ukutani: kwamba kumpa mtu huyo maji na majani ni wepesi zaidi kwake kuliko kuja kumpa dhahabu na fedha.

Hii ndiyo sheria ya Korea, karne nyingi kabla ya Korea kuiandika. Kazi ya kukanda ni malisho ya mwenye wachache. Mwenye macho akifungiwa mlango huo, anayo mitende yake: anaweza kuendesha gari, kujenga, kushona, kuuza duka, kuwa askari, kuwa daktari. Kipofu akifungiwa huo mmoja, anakuja barazani na watoto wake.

HOJA YA PILI: WENYE MACHO NAO WANA NJAA

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, na sipendi kuidharau. Hao wanaokanda bila kibali si matajiri wote. Wengi ni watu wa chini, wengine kina mama wanaolea peke yao. Kuwafikisha mahakamani kwa kumkanda mtu mgongo ni jambo zito.

Nasema: ni kweli, na dawa yake si kumtoa kipofu. Nchi yenye viwanda vya magari na meli kama Korea Kusini haiwezi kusema imeshindwa kuwapatia wenye macho kazi nyingine ila ile moja ya vipofu. Anayedai usawa na aanze kwa kufungua ile milango mingine yote ambayo kipofu amefungiwa bila sheria yoyote kuandikwa. Maana hilo ndilo wanalolisahau: mwenye macho amezuiwa kazi moja kwa sheria, na kipofu amezuiwa kazi mia bila sheria. Anafika na cheti chake, mwajiri anaitazama fimbo, anamwambia tutakupigia simu. Hapo hakuna mtu anayeandamana kudai uhuru wa kazi.

Usawa wa kumwambia mwenye miguu na asiye na miguu "haya, kimbieni, njia ni moja" si uadilifu. Uadilifu ni kukiweka kila kitu mahali pake, hivi ndivyo tunavyowafundisha watoto madrasa.

HOJA YA TATU: MNAWAFUNGA VIPOFU KATIKA KAZI MOJA

Wanasema: mkimwambia mtoto asiyeona kwamba kazi yake ni kukanda tu, mmeshamvunja. Huenda angekuwa mwanasheria au mwalimu.

Maneno haya ningeyapenda kama yangetoka kwa vipofu wenyewe. Lakini mara nyingi yanatoka kinywani mwa anayeitaka ile kazi. Ni kama mtu anayekuhurumia kwa kubeba mzigo mzito, akakupokonya, kumbe mzigo wenyewe ni gunia la mchele wako!

Hata hivyo lina ukweli ndani yake, na dini yetu inaujua. Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Sura Abasa, ambazo watoto wetu wanazihifadhi. Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini, na akamwachia Madina zaidi ya mara moja aiangalie alipokuwa safarini. Katika zama za karibu Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, alipoteza macho akiwa kijana naye akawa Mufti wa Saudia. Misri, sauti ya Sheikh Muhammad Rifat, msomaji kipofu, ndiyo iliyoifungua redio ya taifa kwa Qur'ani mwaka 1934. Kwa hiyo hatusemi kipofu akande tu. Tunasema asinyang'anywe alichonacho kwa ahadi ya kitu ambacho hajapewa. Mfungulieni kwanza hiyo sheria na huo ualimu. Akishaingia kwa wingi, ndipo mje kuzungumza naye juu ya kazi ya kukanda, na mumuulize yeye.

Japani wameona njia ya katikati. Kule mwenye macho anaruhusiwa kufanya kazi hiyo akiwa na leseni, lakini sheria inaruhusu serikali kuzuia kufunguliwa shule mpya za kuwafundisha wenye macho, ili wasiwafurike wasioona. Shule moja ilishitaki, na tarehe 7 Februari 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema kizuizi hicho ni halali. Basi hata anayeona sheria ya Korea ni kali mno ana mahali pa kushika pasipokuwa kuivunja hima yote.

TUSIFICHANE

Kuna la kusema kuhusu kazi yenyewe. Tunajua kwamba katika nchi nyingi nyumba za masaji zimegeuzwa milango ya zinaa, na ya Korea hayakusalimika. Mwanamume kukandwa na mwanamke asiyekuwa mahrimu wake, au uchi kufunuliwa pasipo dharura, ni haramu, awe mkandaji anaona au haoni. Asije kijana akatumia makala hii kwa lisilokuwemo. Lakini kukanda kwenyewe ni kazi ya halali. Bibi zetu wa pwani wamekuwa wakiwakanda wazazi siku arubaini, wakiwasinga maharusi, wakiwachua watoto walioteguka, na hakuna mwanachuoni aliyewakataza. Mwanamume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake, kwa stara.

Na wako watakaosema: hao Wakorea si Waislamu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu uadilifu hauulizi dini. Imepokewa katika kitabu cha Kadhi Abu Yusuf kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, kisha akaamuru apewe katika hazina ya Waislamu na asitozwe kodi tena.

NA SISI JE?

Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana ni rahisi kuihukumu Seoul ukiwa umekaa barazani Mombasa.

Nendeni Ijumaa yoyote kwenye mlango wa msikiti wowote mkubwa wa miji yetu. Mtawakuta vipofu wamepangana, kila mmoja na mtoto wa kumshika mkono, na huyo mtoto ilikuwa awe shuleni. Tunatoka, tunatia shilingi kumi kwenye kopo, tunahisi tumefanya wema. Ijumaa inayofuata wako palepale, na sisi tuko palepale na shilingi kumi zetu. Sadaka ina thawabu, sikatai. Lakini Mtume (s.a.w.) alipojiwa na Ansari aliyekuwa akiomba, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, aliviuza kwa mnada vitu viwili vya nyumbani kwake, akamnunulishia shoka na kumtuma akakate kuni. Yule mtu akarudi na dirham kumi, akanunua nguo na chakula. Sisi tunatoa kopo lijae, Mtume (s.a.w.) alitoa shoka.

Kipofu wa Korea amepigania shoka lake barabarani. Kipofu wetu shoka lake liko wapi?

Hata sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inataka hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma, za kuchaguliwa na za kuteuliwa, ziwe za watu wenye ulemavu. Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hizi ni hima pia, zimeandikwa. Lakini malisho yenye uzio na yasiyokuwa na Hunayy wa kuyalinda huliwa na ng'ombe wa wakubwa.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu:

1. Kila kamati ya msikiti ihesabu wasioona walioko katika mtaa wake, kwa majina na umri, na iwaulize wanaweza nini na wanataka nini. Hatuwezi kumsaidia tusiyemjua.

2. Sehemu ya zaka na sadaka itumike kuwasomesha kazi: kukanda kwa utaalamu, kufuma, kupiga simu maofisini, kutumia kompyuta inayosema. Kusomesha mtu mmoja mpaka ajitegemee ni bora kuliko kugawa sarafu kwa miaka ishirini.

3. Madrasa zetu ziwapokee watoto wasioona. Hifdhi ni ya masikio na moyo. Na misahafu ya nukta nundu ipo, inachapishwa, tuiagize. Mzazi anayemficha mtoto kipofu ndani kwa aibu ajue ataulizwa.

4. Wenye biashara miongoni mwetu waanze kuajiri. Usingoje serikali ije kukuhesabia asilimia zako. Wewe unajua kama dukani kwako, shuleni kwako au hotelini kwako yuko hata mmoja.

5. Penye kazi ambayo asiyeona ameshaizoea na inampa mkate, sisi wenye macho tusimwingilie kwa kuwa tuna haraka na mtaji mkubwa. Hii haihitaji bunge, inahitaji haya tu.

Wanafunzi wangu, mtakaposikia neno uhuru, ulizeni kwanza: uhuru wa nani, na nani atakayeulipia? Wale wenye macho walidai haki yao kwa maneno mazuri sana, na majaji saba wakayakubali. Waliokuja kulipa ni watu waliokuwa wakipapasa vyuma vya daraja ili wajue ukingo uko wapi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na sisi tunaosoma mistari hii kwa macho yetu tumeshiba neema ambayo hatukuilipia hata senti. Macho ni amana, na katika Sura Al-Israa Allah (S.W.T.) ametukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utujaalie kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na utujaalie kuiepuka. Wafungulie milango ya riziki wale Uliowajaribu katika macho yao, na usitujaalie sisi kuwa ndio makufuli ya milango hiyo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.